Mguu Uliolalia Ardhi

Mwanangu Ntandu,

Umeondoka asubuhi hii hii, alama za miguu yako bado ziko uani, na mimi nimekwisha kushika kalamu kama mama wa mtu aliyepelekwa vitani Burma. Cheka tu. Hango naye amecheka. Anapeleka asali mjini kwa baiskeli, nami nimemzuia. Amekaa kivulini kwa ukuta wa tembe anakunywa togwa, ananiambia, "Mama Ntandu, andika upesi. Au unaiandika Biblia upya?" Nimemwambia anywe anyamaze. Atakukuta kwa mama yako mdogo kabla jua halijazama, maana lori la Manyoni haliondoki mpaka kesho mchana.

Pokea salamu za hapa, kila mtu na yake. Mdogo wako Debora anakusalimu, anasema ile kofia uliyoisahau ataivaa yeye kulimia. Jirani yetu Mama Sinda anakusalimu, na anasema yule mbuzi wake aliyekula shati lako ameharisha siku mbili, kwa hiyo mmeshalipana. Mzee Kijanga wa kanisani anakusalimu na kukuombea, ila maombi yenyewe sikuyasikia vizuri kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa tumbaku. Mama yako mdogo hapo ulipo umsalimu sana, umwambie mbegu za karanga nimezipata. Bibi yako naye anakusalimu, lakini salamu zake hazikupitia kwangu. Amempa Debora, na Debora ndiye kaniletea. Tangu asubuhi bibi hasemi nami, wala hapokei kitu mkononi mwangu, hata maji. Sababu yake ndiyo barua yenyewe.

Mambo ya sanduku, ya homa, ya kutolala karibu na walevi, hayo umeyasikia tangu juzi mpaka umechoka. Leo sitayarudia.

Asubuhi ulipokuwa unafunga kamba za viatu, bibi alikuuliza kama treni ya kwenda Dodoma inapita Kintinku. Ukamjibu, "Inapita, bibi, na ikifika hapo nitafunga dirisha nisione uso wa yule mtu." Ulisema hivyo huku unatabasamu, ukijua unamfurahisha mama yako. Ulipokwisha kupita kichaka cha minyaa nilikwenda nyuma ya nyumba nikatapika uji wote. Yule mtu ni Mwanja, baba yako mdogo, mtoto wa mwisho wa bibi yako. Wewe umemchukia miaka kumi na moja. Na mimi nimekulea juu ya chuki hiyo kama mtu anavyomlea mtoto kwa maziwa yaliyochacha, huku najua kwamba yamechacha.

Sikiliza sasa. Soma polepole, herufi zangu ni mbaya. Miezi michache niliyokaa kwa mwalimu wa misheni haikunifundisha kuandika jambo kama hili.

Ulikuwa na miaka tisa. Debora alikuwa ananyonya. Unalikumbuka shamba letu la juu, lile lililokuwa linatazamana na msitu wa Serikali. Nilipoolewa hapa, msitu ule haukuwa wa mtu. Babu zako walitega mizinga humo, walikata fito humo, waliwinda humo. Kisha akaja Mzungu mmoja na watu wake, wakafyeka njia ndefu, wakachomeka vigingi vya miti, wakaenda zao. Wakasema, huku kwenu, kule kwa Serikali. Masika ya kwanza majani yakaifunika ile njia. Masika ya pili mchwa wakavila vigingi. Masika ya tatu hapakuwa na kigingi hata kimoja, na aliyeujua mpaka ni mlinzi wa msitu peke yake, mtu wa mbali aliyeletwa hapa na kofia yake na filimbi yake. Na yeye alikuwa anaujua kichwani. Siku ukimpa asali, mpaka unakwenda kule mbali. Siku humpi, unakuja mpaka mlangoni kwako.

Mwaka ule tandala walikuwa wanaushambulia mtama wetu. Alfajiri moja baba yako na Mwanja wakamvizia mmoja, dume, akiwa ndani ya shamba letu kabisa, mdomoni ana suke. Baba yako akampiga mshale. Mnyama akakimbia, wao nyuma na mbwa, akaanguka mahali penye vichaka. Ni kwetu? Ni kwa Serikali? Hakuna aliyejua. Wewe ulikwenda na ndugu wengine kubeba nyama, nakumbuka ulivaa utumbo shingoni kama shanga nikakupiga kofi.

Sasa unaijua desturi yetu, ingawa siku hizi vijana mnaicheka. Mnyama akifia kwenye ardhi ya mwingine, ule mguu wa nyuma wa upande uliolalia ardhi ni wa mwenye ardhi. Hauombwi, unapelekwa. Bibi yako alinifundisha nilipokuja hapa mwali, akaniambia asiyeutoa, ardhi inamdai kwa mtoto wake. Jioni ile watu wazima walikaa wanabishana. Mwanja akasema, "Kaka, huu mguu ni wa nani?"

Baba yako akacheka. "Msitu una mwenyewe? Mpe mama."

"Serikali inasema ni wake."

"Basi Serikali ije ile. Ina meno?"

Wakacheka wote, mguu ukatundikwa. Lakini mimi sikucheka, kwa sababu Debora alikuwa mgongoni kwangu anawaka moto. Homa ya siku ya tatu. Nikawa nautazama ule mguu na kumsikiliza mtoto anavyohema, na neno la bibi yako linagonga kichwani. Ardhi inamdai kwa mtoto.

Kesho yake asubuhi baba yako alipokwenda kuangalia mizinga, nikauteremsha mguu. Nikauweka ndani ya kikapu, nikafunika kwa majani ya kunde, nikamfunga Debora mgongoni, nikaenda kwenye kambi ya mlinzi. Hakuna aliyenituma. Ni miguu yangu iliyokwenda.

Mwanangu, nataka ulione hili jinsi nilivyoliona. Yule mtu alikuwa amekaa kwenye kigoda, shati liko wazi, tumbo nje. Nikapiga magoti. Nikasema, "Baba, mnyama wetu alianguka labda kwako. Nimekuletea haki ya ardhi." Akafunua majani, akaingiza kidole kwenye nyama, akakilamba. Akasema, "Wewe mama ni mtu mwema. Watu wote wangekuwa kama wewe, mimi ningekuwa na kazi gani?" Akamwita mkewe awashe moto. Akakata palepale, akachoma, akala mbele yangu, mafuta yanamtiririka mpaka kwenye kiwiko, ananisifu na huku anatafuna. Na mimi nilifurahi. Hapo ndipo ninapojichukia zaidi kuliko pengine pote. Nilifurahi kuitwa mtu mwema na kinywa kile.

Kisha akasema, "Hebu nionyeshe alipoanguka, nijue kama haki hii ni yangu kweli au nimekula ya mtu." Nikamwona muungwana. Nikampeleka. Damu ilikuwa bado kwenye majani. Akasimama hapo, akageuka huku na huku, akaanza kuhesabu hatua kutoka kwenye jiwe fulani analolijua yeye. Akatikisa kichwa kama mganga. Akaniambia nenda salama, mama.

Njiani kurudi ndipo nilipokutana na Mwanja. Aliona kikapu kitupu chenye damu, akaona na kofia ya mlinzi inavyopotea vichakani. Alinitazama tu, akashika kichwa chake kwa mikono miwili.

Baba yako alipouliza mguu uko wapi nikamwambia mbwa wameuangusha wakaula. Akampiga mbwa. Debora homa ilishuka siku hiyo hiyo, nami nikasema moyoni, umeona? Uongo mdogo, na mtoto mzima.

Siku ya sita wakaja askari wawili na yule mlinzi. Wakamfunga baba yako pingu mbele yenu. Wewe ulimng'ata askari mkono, unakumbuka. Bomani kwa Bwana Shauri, yule Mzungu wa kuhukumu, nilikwenda kwa miguu na Debora mgongoni. Na juu ya meza, mwanangu, nikauona mfupa. Mfupa wa mguu ule. Yule mtu aliula akaunyonya mpaka ukawa mweupe, kisha akauleta kuwa ushahidi. Inzi walikuwa wanautembelea. Tangu siku hiyo nyama ya porini haipiti koo langu. Nyinyi mmekuwa mkisema mama hapendi nyama ya mwitu, basi jueni sababu.

Hakusema aliupata kwangu. Angesemaje, naye ameula? Alisema, "Nilipata habari, nikafuatilia, nikauokota." Bwana Shauri akamuuliza baba yako kwa mdomo wa mkalimani kwa nini alivuka mpaka.

Baba yako akasema, "Mpaka uko wapi?"

Mlinzi akajibu, "Vigingi vimeliwa na mchwa, lakini mpaka upo."

Baba yako akasema, "Basi mwite mchwa aje kutoa ushahidi, maana ndiye wa mwisho kuuona."

Watu wakaangua kicheko mpaka nje. Bwana Shauri hakucheka. Miezi sita, kupasua mawe ya barabara. Mimi nilikuwa nimekaa chini karibu na mlango. Hakuna aliyeniuliza, mwanamke angeulizwa nini? Lakini mdomo nilikuwa nao. Ningesimama. Ningesema, Bwana, mguu nimeupeleka mimi kama desturi yetu, na huyu ameula. Nilikaa na mdomo wangu.

Ikabaki ile habari, nani alipeleka habari. Kijiji kizima kikawa kinainusa kama fisi. Na watu walikuwa wamemsikia Mwanja jioni ile akibishana juu ya mguu. Wakasema, ni yeye, alikasirika hakupewa. Mzee Kijanga huyu huyu anayekuombea alimpiga chenga kwenye pombe ya harusi, akaificha kata asinywe naye. Wanawake walipomwona kisimani walimwaga maji waliyokuwa wameteka. Nami nilikuwepo. Nilimwaga ya kwangu. Unasikia, Ntandu? Nilimwaga ya kwangu pia.

Wazazi wa binti aliyekuwa amemchumbia wakarudisha ng'ombe, wakasema hawaozi kwa mchongezi. Ndipo alipokuja hapa, mchana kweupe, akasimama pale mlangoni asiingie. Nilidhani amekuja kupasua siri yangu mbele ya watu. Akasema, "Shemeji, kaka akitoka akijua ni wewe, atakurudisha kwenu, na watoto atawabakiza. Namjua. Mimi nina miguu, nitahama. Wewe una watoto. Nyamaza." Nikanyamaza. Hata ahsante sikusema. Alikwenda Kintinku na blanketi moja na upinde. Nasikia alioa kwa Wagogo, ana watoto watatu. Ni ndugu zako hao, na hujui hata majina yao.

Baba yako alirudi na kifua kile unachokijua. Miaka minne tukasikia kikohozi chake badala ya nyimbo zake. Siku moja nilikuwa nasonga ugali, yeye amekaa karibu na moto, akasema kama anajisemea, "Mama Ntandu, kama ningejua kwa nini Mwanja aliniuza, ningemsamehe. Kinachonila ni kwamba sijui kwa nini." Mwiko ulikuwa mkononi mwangu. Nikaendelea kusonga. Ugali ulikuwa umekwisha kuiva, nami nasonga tu, nasonga, mpaka akaniuliza nina nini. Nikamwambia unga wa uwele una mchanga.

Ningeambiwa nichague siku moja ya kurudishiwa, ningeomba ile. Siku ya mguu siitaki. Nilikwenda kwa mlinzi kwa hofu ya mtoto, na hofu ya mtoto Mungu anaijua. Lakini ile ya mwiko sikuwa na mtoto anayeumwa. Nilikuwa nailinda nafasi yangu kwenye jiko lile.

Na matanga unayakumbuka. Mwanja alikuja kwa miguu kutoka Kintinku, vidole vya miguu vimechanika, anavuta mbuzi wa kumlilia kaka yake. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Hukumwamkia. Ulimfungua yule mbuzi kamba ukampiga fimbo akakimbia, ukasema mbele ya wazee wote, "Rudi ulikomuuza ndugu yako." Watu wakakusifu, wakasema huyu ni dume. Mwanja akanitazama. Mara moja tu, kama siku ya kikapu. Mimi nikainamisha kichwa nikajifanya nalia, na machozi hayakuwepo. Akageuka na njaa yake akarudi. Mbuzi tulimkamata baadaye, tukamchinja tukamla. Hata hilo tulilifanya.

Basi asubuhi nilipotoka kutapika, bibi alikuwa ananisubiri kwenye mkeka. Macho yake hayaoni vizuri lakini masikio yanaona. Akaniuliza, "Una mimba au una neno?" Nikamwambia yote, nimepiga magoti, kama nilivyokuambia wewe. Hakulia. Kisha akasema, "Miaka kumi na moja umenipikia." Akalisukuma bakuli la uji mbali naye kwa mguu. Ndiyo maana sasa Debora anampa maji. Sitamlaumu. Na mimi mikono hii ninapoitazama nasikia kinyaa.

Wewe nawe, kama utasikia kinyaa, kisikie. Sikuandikii ili unionee huruma. Nimeandika kwa sababu kazi unayokwenda ni ya kuwashikia wapima ardhi minyororo na kufyeka mipaka ya misitu. Nilipoisikia nilikosa usingizi, ukadhani nalilia safari. Nakuomba neno moja la kazi. Wakikuambia chomeka kigingi cha mti, waulize kama hapo hakuna mawe. Rundika mawe, hata kama nyapara anakucheka. Mtu anayelima pale aamke asubuhi auone mpaka kwa macho yake, asiambiwe na mwenye filimbi. Na mama akikuletea kitu ndani ya kikapu akasema ni haki ya ardhi, usikipokee, mrudishe nyumbani kwake salama.

Lakini hilo ni la baadaye. La leo ni Kintinku. Nataka ushuke pale. Usipite. Umtafute Mwanja, utaambiwa tu stesheni, watu wa Singida wenye upinde hawawezi kuwa wengi. Umpe shikamoo yake, ile uliyomnyima. Umwambie mama yake bado anaishi na anamwita, na kwamba sasa nyumbani wanajua, na Jumapili nitasimama mbele ya watu wa kanisa niseme kama nilivyokuandikia, Mzee Kijanga asikie na tumbaku yake. Treni nyingine itakuja. Wapima ardhi wakikufokea kwa kuchelewa siku moja, hasira zao zitapita.

Najua unaweza kukataa. Unaweza kusema, mama amejitia matope mwenyewe, ajioshe mwenyewe. Ni haki. Ukikataa nitakwenda mimi. Mtama haujafikia kuvunwa, Debora anaweza kukaa na bibi, na kwa miguu nitafika. Ila nitakapofika yeye atamwona shemeji aliyemmwagia maji. Wewe akikuona atamwona kaka yake, maana umechukua sura yote. Ndiyo sababu naanza kwako.

Hango amesimama sasa, anafunga vibuyu, ananiambia nimeimaliza karatasi yote ya Serikali. Kesho asubuhi atapita tena kwa mama yako mdogo kabla hajarudi huku. Nijibu kwa mkono wake, usiache. Usiandike mengi, mwandiko wako wa haraka unanishinda, na sitaki Debora anisomee. Andika neno moja tu, nitashuka, au sitashuka, kwa herufi kubwa. Hilo nitalisoma mwenyewe.

Ni mimi mama yako.